Nimekwama kwenye Peponi. Nyie mmemaliza kipi, mnasoma kipi, na kinafuata kipi?

FundiWaNgamiani

Habari zenu wapenzi wa vitabu, wa Tanga na wa kokote mlipo. Mie ni mama fundi cherehani, nipo Ngamiani, nashona sare za shule na magauni ya harusi, kwa hiyo kusoma kwangu ni usiku nikishafunga na alfajiri kabla watoto hawajaamka, na siku umeme ukikatika mchana cherehani ya mota haizunguki basi nakaa barazani na kitabu mpaka urudi. Nataka tuambiane tunasoma nini maana huku kazini kwangu sina wa kuongea naye vitabu kabisa, na pia nina swali.

Nilichomaliza ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Wiki mbili tu nimekimaliza. Najua kuna filamu yake ya Amil Shivji ya 2021 ila sijaiona, nilitaka kitabu kwanza. Yule binti Yasmin wa watu, miaka kumi na tano anaozwa kwa Raza mzee wa makamo, akimkimbia mumewe ndugu zake hawamtaki tena, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande wa masikini wa mji wa Unguja, asiye na kitu, chumba chenyewe cha kupanga. Mimi Mwajuma ndo nimempenda kuliko wote, kuliko hata Denge, yule mpigania uhuru, na siasa zake. Na siasa zenyewe Adam Shafi hakuziweka kama hotuba, unazikuta humo humo watu wanapopika, wanapojificha, wanapopendana, unamaliza kitabu umeijua Unguja ya Mwingereza bila mtu kukukalisha darasani.

Ninachosoma sasa ni Peponi, kile cha Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel mwaka 2021, hii ya Kiswahili aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Niliagiza Dar kikaja na basi. Na hapa ndo nimekwama. Sio kwamba kibaya, kizuri mno ndo shida. Yusuf ana miaka kumi na mbili, baba yake ana hoteli inamshinda, deni limemfika shingoni, anamtoa mtoto kwa tajiri. Na mtoto anajua yule ni Mjomba Aziz, kila akija anampa hela, anampenda, anafurahi hata kupanda treni. Mpaka anafika dukani anamkuta Khalil ndo anaambiwa yule si mjomba wako, mwite Seyyid, yaani bwana. Nilipofika pale nikafunga kitabu, sijakifungua siku ya tisa leo.

Niwaeleze kwa nini. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa nikatolewa kwetu milimani huko Lushoto nikaletwa Tanga mjini kwa mtu nilioambiwa ni shangazi. Hakukuwa na deni, niliambiwa naenda kusoma, na nilisoma kweli mpaka la saba siwezi kulikana hilo. Ila nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na baadae sana nikiwa mtu mzima ndo nikajua hatuna udugu wowote na yule mama, alikuwa anajuana tu na baba kwa biashara ya matunda. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Lakini lile neno shangazi nililiita miaka mingi, na nilipolisoma la Yusuf nilihisi kama mtu kaniingilia chumbani.

Vinavyofuata viko juu ya kabati, Kusadikika na Utubora Mkulima, vyote vya Shaaban Robert, nimevipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Nimeishi Tanga zaidi ya miaka thelathini, Machui alikozikwa ni hapo tu, na sijawahi kumsoma nje ya vile vipande vya darasani.

Sasa naomba mnisaidie, niendelee na Peponi au nikiweke kwanza? Na kwa Shaaban nianze na kipi?

nesi_wa_zamu

Dada yangu pole. Kiweke. Kitabu hakina miguu hakitaondoka, mimi nimeshaweka vitabu chini mwaka mzima nikarudi navyo vikaniingia vizuri kuliko mwanzo. Ukilazimisha utakimaliza ukiwa umekichukia na hakistahili.

Mimi nafanya kazi hospitali sitaitaja, zamu za usiku, kukiwa kimya kuanzia saa nane mpaka kumi nasoma kurasa zangu chache. Nimemaliza Rosa Mistika ya Kezilahabi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa sekondari nilisoma kwa kujificha kwa sababu tulisikia zamani kilikatazwa mashuleni, na nilichotafuta humo mnakijua. Sasa hivi nina mabinti wawili nimekisoma nalia, kwa sababu nimemuona baba. Zakaria na ulevi wake na vipigo, anamfungia binti asijue lolote kuhusu wanaume halafu anamtoa nje ulimwenguni hivyo hivyo. Kitabu cha mwaka 1971 lakini wasichana kama Rosa nawapokea mimi usiku, nawajua kwa sura.

Kilichopo mkononi ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, nipo katikati, Maimuna keshatoka kwa baba yake. Naona kama nimefuatisha vitabu viwili vya kina baba wanaofungia mabinti na sikupanga. Kinachofuata sijui, nataka kitu chepesi.

Kuhusu Shaaban Robert naomba nisitukanwe hapa Tanga lakini mimi ananishinda. Mtu anaitwa Adili, mwingine Utubora, mwingine Majivuno, jina lenyewe limeshakwambia nani mwema nani mbaya kabla hujafungua ukurasa. Nikitoka kwa Kezilahabi nikienda kwake naona kama nimetoka mtaani nimeingia kwenye mawaidha.

MwalimuMakorora

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote mawili na nimefurahi sana kuwa Tanga bado kuna watu wanakesha na vitabu.

Nesi mwanangu, hutukanwi, ila nikujibu. Nimefundisha Kusadikika miaka mingi na nakiri tulikuwa tunakiua. Tulikuwa tunawakaririsha wanafunzi, taja wajumbe sita wa Kusadikika na pande walizotumwa, mtoto anaandika anapata maksi zake anakwenda. Hakuna aliyekaa akajiuliza ni nchi gani hii inayoelea hewani, inatuma wajumbe wake pande sita waende wakajifunze mema ya wengine na wakirudi inawafunga gerezani. Na mshitakiwa Karama kosa lake ni nini? Ni kutaka kufundisha uanasheria. Kitabu kimetoka mwaka 1951, Tanganyika ya Mwingereza, na mwandishi wake ni karani mwajiriwa wa serikali hiyo hiyo. Angeandika jina la gavana angefika wapi? Hayo majina ya Karama na Majivuno unayoyaona mepesi ndiyo yaliyomwezesha kusema. Kisome ukiwa na hilo kichwani, soma ile kesi kwa sauti, halafu urudi hapa uniambie kama ni mawaidha tu.

Lakini wewe fundi sikuambii uanze na Kusadikika. Hivyo viwili viache juu ya kabati kwanza, tafuta Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo ndimo alimojieleza mwenyewe. Sehemu ya kwanza utamkuta na mkewe Amina, na alivyofiwa naye akabaki na watoto, na zimo zile tenzi mbili alizowaandikia wanawe, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Ni mzazi anaandika kumwambia mtoto wake nakutakia nini duniani. Nimekusoma ulivyotolewa kwenu nikaona hiki ndicho chako. Na utamuona mtu wa kazi, karani wa forodha, baadae idara ya mifugo, baadae ofisi ya wilaya hapa Tanga, anaandika akitoka kazini kama wewe unavyosoma ukifunga cherehani. Alifariki 1962, na Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vyote vimetoka yeye hayupo. Hilo mimi huniuma kila nikivishika. Utubora kisome cha pili, ni mtu anayeacha kazi ya ofisini akaenda kulima, na mimi tangu nistaafu nalima mihogo Pongwe kwa hiyo nina upendeleo nacho, msinisikilize sana hapo.

Yangu mimi. Nilichomaliza ni Kichwamaji cha Kezilahabi. Ninachosoma ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, nina nakala ya zamani ile aliyoitengeneza J.W.T. Allen, Kiswahili na Kiingereza vinatazamana. Nasoma beti ishirini kwa siku sizidishi, maana Kiswahili chake cha mrima, huku pwani yetu, cha miaka ile ya vita na Wajerumani, ndio hao Wadachi, 1888 na 1889, kina maneno nilikuwa nayasikia kwa bibi yangu tu. Ni sisi tunaoongelewa humo, Pangani, Tanga, Bagamoyo, sio watu wa mbali. Kinachofuata ni Mzingile, cha Kezilahabi huyo huyo, nilishindwa nacho mwaka juzi.

Peponi sijakisoma kwa hiyo sina neno.

kijana_wa_pangani

Shikamoo mwalimu. Umenigusa maana mimi ni wa Pangani kabisa, kazi yangu bodaboda, abiria wangu wengi wanatoka kwenye kivuko wakivuka kutoka Bweni. Abushiri, aliyeongoza vita ile dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapa hapa Pangani Desemba 15 mwaka 1889, darasani tuliambiwa hilo kwa mstari mmoja tu na sikujua kama kuna utenzi mzima umeandikwa na mtu aliyeishi enzi hizo. Nitaupataje mwalimu? Kama una nakala moja basi hata nije kupiga picha kurasa kwa simu nitakuja Tanga siku yoyote utakayosema.

Mimi sikuwa msomaji, nimekuwa msomaji kwa sababu ya babu. Babu alikuwa anasoma sana macho yakamgoma, mtoto wa jicho, alifanyiwa upasuaji jicho moja tu likakaa sawa kidogo lakini maandishi madogo hayaoni. Mwaka jana akaniomba nimsomee. Nikajua ni siku moja. Sasa ni kila siku baada ya magharibi, nazima pikipiki nakaa nae mpaka isha, na akiniskia nimekosea kutamka ananirudisha nyuma, soma tena, hapo kuna mkato hukuuona wewe.

Tumemaliza Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum. Babu anasema hicho kilishinda shindano la uandishi miaka ya hamsini mwishoni kikatoka kitabu 1960 na yeye alikisoma akiwa kijana. Anakumbuka muuaji ni nani lakini hataki kunambia, nasoma nasimama nakisia, yeye ananyamaza tu. Sasa tunasoma Kisima cha Giningi, Bwana Msa huyo huyo. Kinachofuata babu anataka Kuli ya Adam Shafi kwa sababu yeye ujana wake alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Tanga na anataka asikie kama mwandishi kayapatia mambo ya makuli au kabahatisha.

Dada fundi mimi Peponi sijakisoma ila nakwambia kitu kimoja, soma kwa sauti. Mtafute mtu umsomee, hata mwanao. Kuna sehemu babu analia na mimi naendelea kusoma tu, na yale machungu yanakuwa ya wawili sio ya mmoja.

mchuuzi_wa_vitabu

Mimi Peponi nimekisoma mara mbili, kwanza Kiingereza kile cha 1994 na halafu hiki cha Kiswahili kilipotoka 2022, kwa hiyo naomba nimjibu dada fundi kwa hilo tu.

Simwambii nesi kakosea lakini mimi nasema usikiweke. Nitajitahidi nisikuharibie. Pale ulipoachia ni mwanzo mwanzo, ni dukani, na kama umesimama pale umebaki na Yusuf akiwa mtoto aliyedanganywa basi. Kitabu hakimwachi hapo. Kuna safari ndefu ya msafara kwenda bara, kuna wapagazi, kuna mto na mateso na wafanyabiashara wa kila aina, kuna ile bustani iliyozungushiwa ukuta, na Yusuf anakua, anaanza kuona, anaanza kuuliza maswali ambayo Khalil hakuyauliza. Ukimwacha dukani unamuonea. Na Khalil pia msubiri, Khalil ana habari yake nae na ukiifikia utamsamehe yale maneno makali ya siku ile ya kwanza.

Halafu kuna jambo la lugha. Nilipokisoma kwa Kiingereza yale maneno ya Seyyid na mengine yetu yalikaa pale kama wageni, unayaona yanang'aa kwenye ukurasa. Kwa Kiswahili yamerudi nyumbani yamekaa kimya kwenye sentensi, na ndo maana kimekuchoma wewe hivyo. Mjomba kwa Kiingereza ni neno tu la kitoto. Kwetu mjomba ni mtu mwenye haki juu yako na wewe una haki juu yake, ukiambiwa si mjomba wako umenyang'anywa kitu chenye uzito.

Na kwa watu wa Tanga kuna la ziada, kitabu kinaishia vita vya Mjerumani na Mwingereza vinaingia. Sisemi zaidi. Ila ukimaliza pita mjini uyaangalie makaburi ya askari wa vita ile ya Novemba 1914, hii wanayoiita vita ya nyuki, Waingereza na askari wao wa Kihindi walishuka hapa wakashindwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck, na wengi wa waliopigana upande wa Mjerumani walikuwa vijana weusi kama sisi, watoto wa mtu. Mimi nilikuwa napita pale kila siku naenda kazini siangalii, baada ya kitabu nikasimama.

Vyangu haraka haraka, nimemaliza Nagona ya Kezilahabi, ninacho mkononi Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, nesi hicho ndo nakupendekezea wewe, ni mwimbaji aliyetoka kijijini kwenye ufinyanzi akaja kuwa Siti na ni mtu wa kweli kabisa, hamna Majivuno humo. Kinachofuata nitaamua nikifika.

nesi_wa_zamu

Sawa mchuuzi hicho nitakitafuta. Na mwalimu Kusadikika nimeazima kwa mtu, nimesoma kurasa kama ishirini zamu ya jana. Ile ya kutaka kufundisha uanasheria ikaitwa uhaini imenikalisha. Sijabadilisha maoni yangu yote lakini naendelea.

Ila kwa dada fundi bado nasimama palepale, mtu akisema kimemuingilia chumbani asilazimishwe.

FundiWaNgamiani

Shikamoo mwalimu, na wengine wote ahsanteni. Nimechelewa kurudi, ilikuwa msimu wa sare shule zinafungua, wiki tano sijagusa simu zaidi ya kupokea oda.

Nesi nilikufuata kwanza. Nilikiweka wiki mbili kamili. Halafu nikamfuata kijana wa Pangani, nikamwambia binti yangu wa darasa la sita kaa hapa nikusomee, nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Kuna sehemu za watu wazima humo nilikuwa naziruka nasoma peke yangu usiku. Tulipofika pale kwa Khalil binti yangu akasema, mama mbona hawakumuaga vizuri? Hilo ndo swali lake, sio kwa nini walimtoa, mbona hawakumuaga vizuri.

Nikampigia mama yangu Lushoto. Mama keshakuwa mtu mzima sana, hatujawahi kuongea jambo hili hata siku moja miaka yote hii. Nikamuuliza tu, mama siku ile naondoka nilikuwa na miaka mingapi. Akanyamaza mpaka nikajua salio limeisha. Halafu akasema ulikuwa na miaka nane sio tisa, na ulivaa gauni la kijani lililofupishwa, nililishona kwa mkono usiku ule sikuwa na cherehani, upande mmoja ulizidi mwingine na nilikuwa naiona ile tofauti mpaka basi lilipokata kona.

Mimi hilo gauni silikumbuki kabisa.

Peponi nimekimaliza juzi, umeme ulikatika kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Mchuuzi ulisema kweli kuhusu Khalil. Mwisho wenyewe nilikasirika, nilimkasirikia Yusuf, halafu jioni nikawa simkasirikii tena, na sijui bado nasema nini juu yake, kama kuna aliyemaliza tuongee ila tusiwaharibie wengine.

Sasa hivi mkononi nina Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, nimekipata maktaba ya mkoa hapo mjini, nipo kwenye Utenzi wa Hati, nasoma pole pole na binti anataka tuukariri. Kinachofuata Utubora, Kusadikika baada yake.

Kijana wa Pangani, babu kasemaje kuhusu Kuli? Na mwalimu, hiyo nakala yako ya Wadachi mkipanga siku ya kupiga picha kurasa mnambie na mimi nije, meza ya kukatia vitambaa ni kubwa na mwanga upo wa kutosha, tunaweza kuifanyia hapa kwangu.